Reli ya Watoto kwenye Nusu Ekari: Jinsi Nilivyoijenga Nakuru, na Jinsi Unavyoweza Kuijenga Wewe

Baba yangu alikuwa nyapara wa genge la reli upande wa Njoro. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha njia na nyundo ya mpini mrefu begani, akigonga viungo na kusikiliza. Mimi pia nimeishia kuwa na reli, ila yangu ina urefu wa mita 143, upana wa milimita 184, na abiria wake wengi hawajaingia gredi ya kwanza. Iko kwenye bustani ya mapumziko tunayoiendesha mimi na mke wangu upande wa Lanet. Jumapili watu wakitoka kanisani, na siku zote za likizo za shule, familia huja kupanda.

Wenye hoteli Kisumu, walimu wa shule Kakamega na vyama vya kina mama hapa hapa Nakuru wameniuliza jinsi ya kujenga reli kama hii. Wengi huanza kwa kuuliza kuhusu kichwa cha treni: nilikinunua wapi, kina mota gani, rangi ile niliipataje. Kichwa kilinichukua wiki sita. Njia ilinichukua miezi saba, na kama ningeanza upya ningeipa miezi tisa. Kwa hiyo usishangae kwamba sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu udongo, kokoto na vyuma.

Tuelewane pia kwamba sizungumzii zile treni za matairi zinazovutwa na trekta ndogo kwenye maonyesho ya kilimo. Hii ni reli ya kweli: vyuma viwili, mataruma chini (vile vipande vilivyolala kukingama ambavyo reli hufungwa juu yake), na magurudumu ya chuma juu.

Chagua upana kwanza

Upana wa reli hupimwa ndani kwa ndani. Njia ya zamani iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901, ina upana wa milimita 1,000. Reli za bustani zina vipimo vyake, na vingi vilianzia Uingereza kwa inchi. Mwaka 1874 bwana mmoja, Sir Arthur Heywood, alijenga nyumbani kwake Duffield Bank reli ya inchi 15, yaani milimita 381, akitaka kuonyesha kwamba huo ndio upana mdogo kabisa unaofaa kwa kazi ya kweli. Reli ya Romney, Hythe na Dymchurch, iliyofunguliwa 1927 kwa upana huo huo, inabeba abiria hadi leo. Chini ya hapo kuna milimita 260, na chini zaidi 184, ambayo ndiyo Walt Disney aliitumia kwenye reli ya nyuma ya nyumba yake Los Angeles mwaka 1950.

Ukiwa na ekari mbili na pesa ya kutosha, jenga ya 381. Mtu mzima anaingia ndani ya behewa na kukaa kama kwenye matatu. Mimi nilikuwa na nusu ekari na akiba ya kuuza ng'ombe wawili, nikachagua 184. Chuma chake ni chepesi, watu wawili wanabeba kipande cha mita sita bila winchi, na fundi yeyote wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukitengeneza.

Lakini upana mdogo una hatari ambayo lazima uielewe kabla hujanunua chuma hata kimoja: treni inaweza kupinduka kwenye kona. Kutoka katikati ya njia hadi kwenye reli ni milimita 92 tu. Abiria akikaa juu kama aliyepanda punda, uzito wake uko karibu sentimita 60 juu ya reli. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 10, treni ikienda kilomita 8 kwa saa, nguvu inayoisukuma nje ni kama theluthi moja tu ya ile inayoweza kuipindua. Ongeza mwendo hadi kilomita 15 na umevuka mpaka: inalala ubavu. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo inazidi mara nne, na hiyo ni kabla mtoto hajainama kumpungia shangazi yake mkono. Ndiyo maana kichwa changu hakiwezi kupita kilomita 8 kwa saa hata dereva akitaka. Nimepanga hivyo kwenye gia, si kwenye maagizo ya mdomo.

Nilijifunza jambo la pili kutoka kwa kina mama. Behewa langu la kwanza lilikuwa la kukaa kwa kutanua miguu, kama kwenye picha za Ulaya na Marekani. Jumapili ya kwanza kina mama walikuja na magauni ya kanisani, vitenge na mabuibui, wakaliangalia behewa, wakawapandisha watoto na wao wakabaki wamesimama. Mtoto wa miaka miwili hapandi bila mama. Nikalivunja nikajenga lingine lenye sakafu ya chini, sentimita 10 tu juu ya reli, na benchi fupi ambapo mtu anakaa ametanguliza miguu mbele, nguo imekunjwa ndani. Nilitaka kina mama wapande kwa heshima yao, na papo hapo uzito ukashuka hadi kama sentimita 45, na behewa likawa imara kuliko la kwanza. Jenga la namna hii tangu mwanzo.

Pima ploti na uujue udongo wake

Ploti ya kawaida ya futi hamsini kwa mia haitoshi. Upana wake ni mita 15, na ukiacha nafasi ya uzio pande zote, kona yako itakuwa ya nusu kipenyo cha mita 6, kali mno kwa mabehewa ya abiria. Nne zilizoungana, ambazo ni karibu nusu ekari, zinatosha, ingawa kwa umbo kama langu utafupisha njia nyoofu kwa mita mbili hivi. Yangu ni umbo la yai refu: nusu duara mbili za nusu kipenyo cha mita 10, zimeunganishwa na njia mbili nyoofu za mita 40. Yote inakaa ndani ya mita 60 kwa 20, na mita moja na nusu ya ziada kila upande kwa uzio.

Kisha chimba. Usiulize mtu, chimba mwenyewe mashimo manne au matano ya nusu mita, uone kilichomo.

Hapa Nakuru utakuta udongo wa majivu ya volkeno, mwepesi, unaopeperuka kiangazi na kushuka mvua inapoingia. Tena mji wetu unajulikana kwa nyufa za ardhini ambazo hufunguka mvua kubwa ikinyesha. Kabla ya kuchora chochote, wasikilize wazee wa mtaa: wanajua maji hupita wapi na ardhi iliwahi kupasuka wapi. Mimi sikuwauliza kuhusu kona yangu ya kusini. Mvua za Aprili zilipokuja, mita nne za njia zilishuka sentimita tano usiku mmoja na asubuhi behewa tupu likatoka relini. Kumbe palikuwa na shimo la takataka la zamani lililofukiwa. Dawa ya udongo huu ni maji na uzito: chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 20, mwagia maji, shindilia, acha siku mbili, mwagia tena, shindilia tena. Kisha weka maramu ya sentimita 10 na uishindilie pia.

Kisumu na nyanda za Kano ni hadithi nyingine kabisa. Udongo mweusi wa kule huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na utainua reli yako Mei na kuidondosha Januari. Huwezi kuushindilia ukatulia. Uondoe, angalau sentimita 30 chini ya njia, ujaze maramu, na uchimbe mifereji pande zote mbili ili maji yasikae karibu. Kakamega na Kericho udongo mwekundu ni mzuri, ila mvua ya alasiri haina mzaha, kwa hiyo mifereji ndiyo kazi kubwa.

Chora njia na upime mwinuko

Kwa kona, piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 10, zunguka na chokaa. Kwa usawa, usinunue mashine. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, mita 20, ujaze maji hadi povu zote zitoke. Maji kwenye ncha mbili za mpira hukaa kimo kimoja daima. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye kinachofuata, muweke alama. Zunguka njia yote kila mita tano, uandike kwenye daftari.

Mwinuko usizidi sentimita moja kwa kila mita. Hili ni suala la magurudumu kuteleza, wala mota yenye nguvu haitakusaidia. Treni yangu ikijaa ina uzito wa karibu kilo 1,100: kichwa 220, dereva 75, mabehewa matatu kilo 90 kila moja, na abiria 12 wa mchanganyiko wa watoto na wazazi, tuseme 540. Kuivuta kwenye tambarare kunahitaji nguvu ya kama kilo 16 au 17, na kona huongeza kidogo. Mwinuko wa moja kwa mia huongeza kilo 11, jumla karibu 28. Sasa, chuma juu ya chuma kikavu hushika kwa takriban sehemu moja ya tano ya uzito ulio kwenye magurudumu yanayovuta, na kwangu hiyo ni kilo 59. Nafasi ipo. Chuma kikilowa, mshiko unaweza kushuka hadi nusu ya hapo, kilo 29, na nafasi imekwisha. Kama ningekuwa na mwinuko wa moja kwa hamsini, treni ingekwama kila manyunyu yakianguka, na jambo baya zaidi, ingeteleza ikishuka wakati dereva anafunga breki. Kwangu mvua ikianza, treni inasimama stesheni na watu wanakunywa chai.

Tengeneza vipande vya njia

Chuma cha reli yangu ni chuma bapa cha milimita 30 kwa 10, kimesimamishwa kwa upande wake mwembamba. Kinauzwa kwa urefu wa mita sita. Kwa mita 143 unahitaji vipande 48, karibu kilo 680 kwa jumla. Mataruma nilitengeneza kwa chuma cha pembe, kila moja sentimita 40, umbali wa sentimita 30 kati ya moja na jingine, hivyo 20 kwa kila kipande cha njia na 480 kwa reli nzima. Mbao ngumu zinapendeza zaidi machoni, lakini mchwa wa huku hawabagui. Kama unataka kitu tulivu zaidi kwa sauti, nguzo za plastiki iliyorejelewa zinazouzwa kwa ajili ya uzio zinaweza kukatwa zikawa mataruma mazuri, ila hapo utafunga reli kwa skrubu badala ya kuchomelea.

Kabla ya kuchomelea chochote, tengeneza kalibu: meza ndefu ya mbao au chuma yenye vishikizo vinavyobana reli mbili kwa umbali sahihi. Ukijaribu kupima kila taruma kwa futi, utachoka ifikapo taruma la 30 na kosa litaingia. Kwenye njia nyoofu kalibu iwe milimita 184 kamili. Kwenye kona ongeza milimita 3, kwa sababu magurudumu manne ya kigari kigumu kilicho chini ya behewa hayawezi kupinda na lazima yapewe nafasi.

Kukunja reli kuwa kona ni rahisi kuliko inavyoonekana. Chuma cha unene wa milimita 10 unakisukuma kwa mikono tu hadi kifuate duara la mita 10, na ukikiachilia kinarudi kuwa nyoofu. Hapo ndipo tatizo lilipo: ncha zake zinabaki zinataka kunyooka, na kwenye kila kiungo utapata kona kali ndogo ambayo gurudumu litaigonga. Kunja ncha zote, sentimita 50 za mwisho, kwa nyundo na nguzo mbili za kuzuia kabla ya kuziweka kwenye kalibu. Kumbuka pia kuwa reli ya ndani ya kona ni fupi kuliko ya nje. Kwa kipande cha mita sita tofauti ni karibu sentimita 12. Usipoikata, viungo vitaanza kupishana, na ukimaliza nusu duara utakuwa umepishana zaidi ya nusu mita.

Chomelea kidogo kidogo, upande huu kisha ule, usimalize upande mmoja wote, kwa maana joto litakivuta chuma na kipande kizima kitajikunja kama ndizi. Fundi mmoja alinifanyia hivyo vipande vinne vya kwanza na nikalipa kuvinyoosha. Ukimaliza, pitisha grainda kwenye ukingo wa juu wa ndani wa kila reli uondoe ncha kali, kisha paka rangi ya kuzuia kutu kila mahali isipokuwa juu, gurudumu linapopita.

Viungo vifungwe kwa bapa mbili na bolti nne, matundu ya upande mmoja yawe marefu kidogo. Acha mwanya. Chuma cha mita sita kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya asubuhi hurefuka zaidi ya milimita 2, na jua la Nakuru la saa nane mchana linaweza kabisa kukipa chuma joto hilo. Milimita 3 zinatosha ukiunga asubuhi penye baridi. Usipoacha mwanya, njia itajivuta na kuvimba pembeni.

Kokoto na kunyanyua

Agiza kokoto za ukubwa wa milimita 10 hadi 20, zilizovunjwa, zenye kona kali. Kokoto za mviringo za mtoni zinaviringika chini ya mataruma. Kwa njia ya upana wa sentimita 60 na kina cha 10, unahitaji kama mita za ujazo tisa, yaani karibu lori mbili za tani saba. Mwaga safu ya kwanza, laza vipande, funga bolti kwa kidole tu, kisha mwaga juu.

Sasa fanya kama genge la baba yangu lilivyofanya. Mtu mmoja ananyanyua njia kwa mtaimbo, mwingine anasukuma kokoto chini ya taruma kwa kipande cha chuma bapa, wa tatu ana pima maji. Weka pima maji juu ya reli mbili kila nusu mita. Ninachokiangalia zaidi hapa ni msokoto: mahali ambapo reli ya kushoto inapanda huku ya kulia inashuka. Behewa lina magurudumu manane, na njia ikisokotwa, gurudumu moja linabaki hewani, ukingo wake, ule mdomo wa ndani unaolizuia lisitoke, unapanda juu ya reli, na behewa linatoka. Kwenye kona, reli ya nje iwe sawa na ya ndani au juu kwa milimita chache. Isiwe chini hata milimita moja.

Ukimaliza, acha wiki mbili. Mwagia maji. Pitisha behewa tupu. Nyanyua tena palipozama. Mimi nilirudia mara tatu na mara ya nne baada ya ule mkasa wa Aprili.

Mabehewa

Chini ya kila behewa kuna vigari viwili vya magurudumu manne manne. Magurudumu yakerezwe kwa chuma cha mviringo, kipenyo cha milimita 110 kinatosha, yote yawe sawasawa. Uso wa gurudumu uwe na mteremko mdogo kuelekea nje, nyuzi mbili au tatu. Mteremko huo ndio unaoirudisha ekseli katikati ya njia yenyewe, bila ukingo kukwaruza reli. Fundi wa kukereza ambaye hajawahi kuona gurudumu la treni atataka kulifanya tambarare kwa sababu linaonekana safi zaidi. Mchoree, umweleze kwa nini. Beringi za aina ya 6204 zilizozibwa zinapatikana kwenye maduka ya spea na hazihitaji grisi kila siku.

Kigari kimoja cha kila behewa kiweze kuyumba kidogo kushoto na kulia, kingine kisiyumbe. Hivyo behewa linasimama imara na bado magurudumu yote yanafuata njia. Pande za behewa ziwe na ubao hadi juu ya magoti, na magurudumu yafunikwe kabisa kwa bati. Leso, mikia ya vitenge, kamba za viatu: vyote vinatafuta gurudumu. Hakuna tundu kwenye mabehewa yangu ambalo kidole cha mtoto kinapita hadi chini.

Kichwa

Nimetumia mota ya umeme ya wati 1,500 na volti 48, aina inayotumika kwenye tuktuk za umeme, ikiendesha ekseli zote nne kwa mnyororo. Hesabu ya nguvu inasema wati 600 zinatosha kwa treni iliyojaa kwenye mwinuko, kwa hiyo mota haipati joto. Betri ni nne za asidi za volti 12, za kudumu muda mrefu, saa-ampea 100 kila moja. Watu huniambia ninunue za lithiamu kwa kuwa ni nyepesi. Kwa boda boda ya umeme uzito ni mzigo, lakini kwa kichwa cha treni ni mshiko: kilo 120 za betri zimekaa juu ya magurudumu yanayovuta, na dereva naye amekaa juu ya kichwa kwa sababu hiyo hiyo. Naendesha siku nzima ya Jumapili bila kushusha betri chini ya nusu.

Breki ziwe mbili zisizotegemeana. Moja ni ya mota. Ya pili ni ya springi kwenye behewa la mwisho, inayofunga yenyewe ikikatika kamba. Na kishikio cha mwendo kiwe cha kuachilia: dereva akikiacha, umeme unakatika. Kwa kilomita 8 kwa saa, kwenye reli kavu, treni yangu iliyojaa husimama ndani ya mita saba, ukihesabu na sekunde moja ya dereva kushtuka. Pima yako mwenyewe, upake mstari mweupe kando ya njia.

Umbo la nje ni la kwako. La kwangu limefuata vile vichwa vikubwa vya mvuke vya Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na jina la mlima. Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi utaikuta Mount Gelai imesimama pale, na ukisimama karibu na magurudumu yake utaelewa kwa nini baba zetu waliitaja kwa sauti ya chini. Ya kwangu nimeiandika Menengai.

Majaribio

Usianze kwa kumpandisha mtoto wako wa kuzaa. Pandisha magunia ya mchanga, kilo 75 kila kiti, mizunguko 50. Halafu sogeza magunia yote upande mmoja wa behewa na urudie polepole. Halafu mwaga maji juu ya reli upime breki. Halafu watu wazima, mmoja akiinama nje makusudi. Mimi nilifanya hivi kwa wiki tatu na nikakuta viungo sita vya kurekebisha.

Karatasi

Utahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na mahali pa kazi pasajiliwe chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Uliza NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, mapema kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Tafuta bima inayolipia madhara kwa wageni, na usome ukurasa wa vitu ambavyo haifidii kabla ya kulipa. Usifungue bila bima hiyo.

Siku ya kazi

Watu watatu hawapungui: dereva, gadi anayekaa behewa la nyuma akiangalia mbele, na mmoja wa stesheni. Dereva haondoki mpaka gadi apeperushe bendera ya kijani, na gadi haipeperushi mpaka amegusa bega la kila abiria akihesabu. Chini ya miaka mitatu anakaa mbele ya mzazi, katikati ya magoti yake. Anayelia sana ashushwe, arudishiwe pesa, ajaribu Jumapili nyingine. Uzio uwe mita moja kutoka njia, na pawe na mahali pamoja tu pa kuvuka, penye geti.

Safari yangu ni mizunguko mitatu, dakika nne hivi, na kupanda na kushuka dakika nne nyingine. Kwa saa hiyo ni safari saba, abiria 84 viti vikijaa vyote, lakini panga bajeti yako kwa nusu ya hapo. Malipo tunachukua kwa M-Pesa na tunatoa tiketi ya karatasi ngumu, kwa sababu watoto wanataka kitu cha kutobolewa na gadi. Nimeweka vibao kando ya njia kwa mpangilio wa reli ya Kisumu: Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos. Gadi anaviita kwa sauti. Kuna babu mmoja aliyepanda na wajukuu akawa anaviita kabla ya gadi, mzunguko wa kwanza hadi wa tatu, na aliposhuka akaomba apewe bendera.

Saa kumi na mbili jioni tunafunga geti, tunachomeka betri, tunapitisha mnyororo na kufuli kwenye magurudumu ili vijana wa mtaa wasije kuisukuma treni usiku. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufika, natembea mita 143 na nyundo. Kiungo kilichokaza hutoa mlio mwembamba, kilicholegea hutoa sauti nzito kama ya debe. Leo cha 17, upande wa ndani wa kona ya kusini, kimelia kama debe. Nimeandika daftarini, na spana iko mfukoni.